WhatsApp Inaenda, Benki Haifunguki

Haya ndiyo niliyosema Jumamosi mjini Morogoro, kwenye kikao cha mafundi wa intaneti ya minara na antena. Wenzetu wa upande wa Kilombero walikwamishwa na mvua, wakaniomba niyaandike yote. Nimeyaacha yalivyotoka mdomoni. Picha za ukutani nimeziruka. Hata pale ukumbini jua lilikuwa linapiga ukutani na hakuna aliyeziona.

Mwenyekiti, mafundi wenzangu, vijana mnaojifunza kazi, na nyinyi wenye kampuni mliokaa nyuma karibu na birika la chai, habari za asubuhi? Hamjaamka nyie. Habari za asubuhi? Haya, sasa nimesikia.

Naomba nianze na swali. Nani humu ndani hajawahi kupigiwa simu na mteja akaambiwa, "Fundi, mtandao upo lakini haupo"? Anyooshe mkono. Naona mkono mmoja tu, wa yule kijana aliyeanza kazi wiki iliyopita. Subiri mdogo wangu, zamu yako inakuja.

Mtandao upo lakini haupo. WhatsApp inaenda, meseji inapiga tiki mbili. Ukipiga ping, yaani pakiti ndogo ya kujaribu njia, inarudi kwa milisekunde 30, haidondoki hata moja. Lakini tovuti ya benki inazunguka. Fomu ya shule ya mtoto inazunguka. Tovuti hii inafunguka kufumba na kufumbua, ya pili yake inazunguka mpaka kompyuta inakata tamaa. Unaangalia mawimbi, mazuri. Unaangalia kasi, ipo. Halafu wewe fundi unafanya nini? Unapanda paa!

Mimi nilipanda paa moja mara tatu. Ni duka la dawa la mama mmoja pale Mikumi. Antena yake inatazamana na mnara wetu, kilomita nne, hakuna mti wala ghorofa katikati, mawimbi yanasoma hasi 58, yaani yana nguvu. Safari ya kwanza nikaikaza antena upya. Ya pili nikabadilisha kebo na vichwa vyake vyote viwili. Ya tatu nikang'oa antena nzima nikaweka mpya, saa saba mchana, bati linaunguza magoti, nikashuka natiririka jasho nikamwambia kwa kujiamini, "Mama, sasa imepona." Mama akavaa miwani, akafungua tovuti anakoagizia dawa. Ikazunguka. Akanitazama juu ya miwani akasema, "Mwanangu, mimi naumwa jino, wewe kila siku unanifunga bandeji mguuni."

Siku hiyo nilikuwa na kijana wa mafunzo, kazi yake kushika ngazi. Mimi nimekalia kreti la soda, napiga ping kwenda Google ili mama aone mwenyewe kwamba njia ni nzima. Kijana akainama kwenye skrini, akauliza, "Bro, hiyo ping ina uzito gani?" Nikamjibu kwa dharau kidogo, nakiri: "Baiti 32. Ndivyo Windows inavyotuma usipoiambia kitu." Akanyamaza. Halafu akauliza, "Na hiyo tovuti ya dawa nayo inatuma baiti 32?"

Ndugu zangu, nilitamani lile kreti linimeze. Baiti 32! Nilikuwa nimepitisha sisimizi mlangoni mara mia, kisha nikamtangazia mteja kwamba hata tembo anapita.

Nikaandika ping -f -l 1472. Hiyo -f inasema pakiti isikatwe njiani, na 1472 ndiyo uzito. Ruta ya mama ikajibu palepale kwamba pakiti ni kubwa, inataka kukatwa, na imekatazwa kukatwa. Nikashuka 1470, ikagoma. 1468, ikagoma. 1466, ikagoma. 1464, ikapita. Nikapandisha 1465 kuhakikisha, ikagoma. Sasa juu ya 1464 ongeza vichwa, yaani baiti za maelekezo zinazotangulia data: 20 vya IP, utaratibu wa anwani za intaneti, na 8 vya ICMP, lugha ya ping na ya taarifa za makosa njiani. Inakuwa 1492. Na kwa fundi wa antena 1492 ni sura ya mtu unayemfahamu. Hiyo ni PPPoE.

Nieleze kidogo kwa ajili ya vijana, wazee mtanivumilia. Tovuti haisafiri nzima. Inakatwa vipande, kila kipande ni pakiti, na kila njia ina ukubwa wa mwisho wa pakiti inayokubali kuibeba. Ukubwa huo ndio MTU. Kwenye Etherneti, yaani mtandao wa kawaida wa waya, ni baiti 1500, na namba hiyo ni ya zamani kuliko wengi wenu: iliwekwa kwenye maandishi mwaka 1980 na kampuni tatu za Marekani, Digital, Intel na Xerox. Wakati ule kumbukumbu ya kuhifadhia pakiti ilikuwa ghali, na waya ulikuwa mmoja wa kugawana. Pakiti iliyojaa ilikuwa inaushika waya wa megabiti 10 kwa milisekunde 1.2 hivi, wengine wote wanasubiri. Wakaona inatosha. Leo tuna kasi mara elfu ya ile, na 1500 imekaa palepale.

Sisi tunawaingiza wateja kwa PPPoE, utaratibu ulioandikwa mwaka 1999, ili kila mteja awe na jina na nywila yake, na asipolipa tumfungie. Msicheke, ndiyo sababu yenyewe. PPPoE inaongeza baiti 8 kwenye kila pakiti, na 1500 toa 8 ni 1492. Baiti nane ni nini? Ni herufi nane. Andika neno "Morogoro", umemaliza. Kwa ajili ya neno Morogoro mama wa watu hakuagiza dawa wiki mbili.

Lakini hapo mtu atauliza: PPPoE iko kwa wateja wote, mbona mama peke yake ndiye anayelia? Swali zuri. Ili nilijibu, nitawapeleka chumbani kwangu. Tulieni, ni habari ya kitanda tu.

Nilipopanga chumba changu cha kwanza, Kihonda, nilimpa seremala kazi ya kitanda cha sita kwa sita. Akanipigia simu: mlango una upana gani? Nikaupima mlango wa chumba, nikamtajia. Akakigonga kitanda kizima kwa kipimo hicho, akakileta na mkokoteni. Mlango wa chumba kingeupita vizuri. Kumbe kabla ya mlango wa chumba kuna korido, na korido ina geti la chuma, na geti ni jembamba kuliko mlango wangu kwa vidole vinne. Sasa utafanyaje? Ukikate pale getini? Seremala ameandika kwa chaki "usikate". Umtume mtu arudi Kihonda sokoni amwambie seremala upana wa geti, agonge kingine? Inawezekana, ila mtu huyo lazima afike. Au ungekuwa na mwenye nyumba mwenye akili, anayelijua geti lake, akasikia ile simu ya kwanza na kusema, "Hapana, mtajie kipimo kidogo."

Kompyuta ya mama ndiyo mimi. Inapofungua mazungumzo na seva, inataja kipimo: nipe data baiti 1460 kwa kila pakiti. Hiyo ndiyo MSS, yaani 1500 ukitoa 40 za vichwa vya IP na TCP, utaratibu unaoendesha mazungumzo hayo. Imepima mlango wake yenyewe, geti haijui. Seva inafunga pakiti za 1500, inaziandika "usikate", inazituma. Zinavuka bahari, zinapita Dar es Salaam, zinafika kwenye seva yetu ya PPPoE. Hapo pana geti la 1492. Seva yetu inazitupa, na inamtuma mjumbe arudi kwa mtumaji: ICMP aina ya 3, msimbo wa 4. Mjumbe anasema, mzigo hauingii, geti ni 1492, punguza. Utaratibu huo waliuandika Mogul na Deering mwaka 1990, na kila siku unafanya kazi bila nyinyi kujua kwamba upo.

Unafanya kazi mjumbe akifika.

Wahenga walisemaje kuhusu mjumbe? Semeni kwa sauti. Hauawi! Mjumbe hauawi. Basi nendeni mkaangalie faiwoli za maofisini, hao walinzi wa mtandao. Mtu amekwenda kozi, ameambiwa ICMP ni hatari, wezi wanaitumia kuchungulia mtandao. Amerudi kazini amefunga ICMP yote. Yote! Mjumbe wetu anafika getini kwa benki, anauawa. Ndani, seva inasubiri jibu, jibu haliji, inasema labda pakiti imepotea, ngoja niitume tena. Ileile. Ya 1500. Inatupwa. Anatumwa mjumbe mwingine. Anauawa. Inatumwa tena. Na huku Mikumi mama anaangalia duara linazunguka.

Mmeona sasa kwa nini tovuti moja inafunguka na nyingine haifunguki? Antena ni ileile, mnara ni uleule. Tofauti ni nani anayeua wajumbe na nani anayewapokea. Na mmeona kwa nini meseji ya WhatsApp inaenda? Ni ndogo, haigusi geti. Na kwa nini tovuti zenye alama ya kufuli zinakwama mwanzoni kabisa? Kwa sababu muunganisho wenyewe unafunguliwa kwa pakiti ndogondogo, halafu seva inatuma cheti chake cha utambulisho, na cheti kinakuwa baiti maelfu. Hiyo ndiyo pakiti ya kwanza iliyojaa. Mnasalimiana vizuri, "hujambo, sijambo", kisha kimya.

Kabla hamjawacheka watu wa benki, nikiri: mimi mwenyewe nimeua. Usiku mmoja tulimwagiwa ping za fujo kutoka nje, ruta kuu inahema, nikafunga ICMP yote nikalala. Nikasahau. Baada ya muda mteja mmoja mwenye ofisi mbili, moja iko kwetu na nyingine kwenye 4G ya kampuni nyingine, akaanza kulalamika kwamba mafaili yanatoka kule kuja huku, lakini huku kwenda kule hayaendi. Nikamwambia kwa mdomo mpana, "Hao wenzetu ndio wabovu." Wajumbe walikuwa wanakuja kila sekunde kutoka kwa hao wenzetu kusema njia yao ni nyembamba, na mimi nimeketi mlangoni nawamaliza mmoja mmoja. Niliifungua ile kanuni kimyakimya. Mteja nikamwambia "imetengemaa". Leo ndiyo mara ya kwanza naisema hadharani, na kama yupo humu, anisamehe.

Unaogopa ping za fujo? Weka kikomo: ngapi kwa sekunde. Aina ya 3 iache ipite. Na kwenye IPv6, toleo jipya la IP, msifanye mchezo kabisa. Kule ruta za njiani hazikati pakiti hata iweje. Zinategemea mjumbe peke yake, ICMPv6 aina ya 2. Mwongozo wa IETF, wanaoandika kanuni za intaneti, wa mwaka 2007 kuhusu kuchuja ICMPv6 unasema wazi kwamba huyo asizuiwe.

Nirudi kwa mama, najua mnasubiri. Wiki mbili kabla, mpwa wake alimletea ruta mpya kutoka Dar, nzuri, ina pembe sita. Ile ya zamani ilikuwa ndiye mwenye nyumba mwenye akili. Kila mazungumzo yalipofunguliwa ilichungulia kipimo, ikiona 1460 inafuta inaandika 1452, yaani 1492 toa 40. Seva ya benki haikuwahi kujua kwamba kuna geti, kwa hiyo hakukuwa na haja ya mjumbe. Ruta mpya ilikuwa na uwezo huohuo, ila kisanduku chake hakikuwa kimetiwa tiki. Nikatia tiki. Mama akafungua tovuti, ikafunguka, akaagiza Panadol na sindano mbele yangu.

Na hapa wenye kampuni nisikilizeni. Msimwachie mpwa wa mtu kazi hii. Sahihisheni MSS huku kwenu, kwenye seva yenyewe ya PPPoE, ili mteja akileta ruta yoyote, hata ya pembe kumi, kipimo kirekebishwe kabla hakijatoka. Kwenye ruta za MikroTik ni mstari mmoja ndani ya profaili ya PPP. Kwetu mstari huo ulikuwa umezimwa na mtu. Mtu huyo sitamtaja kwa sababu ndiye anayeongea.

Sasa tuiache PPPoE. PPPoE ni adui mwenye adabu, siku zote anachukua 8. Twende kwenye visanduku vya 4G na 5G, hivi vinavyowekwa dirishani sebuleni.

Nani hapa ametuma mzigo kwa basi? Wote. Una boksi lako la viatu. Ofisi ya basi wanaliingiza kwenye kiroba. Kiroba kinashonwa, kinabandikwa karatasi ya jina na namba ya simu. Boksi ni lilelile, lakini kinachoingia kwenye buti ni kikubwa kuliko ulichokuja nacho. Mitandao ya simu inafanya hivyo kwa kila pakiti. Kutoka mnarani kwenda kwenye mitambo yao ya ndani, pakiti ya mteja inawekwa ndani ya pakiti nyingine: kichwa cha IP 20, cha UDP, ndugu wa TCP asiye na MSS, 8, na cha GTP, kiroba chenyewe cha mitandao ya simu, 8. Kwa 4G ni baiti 36. Wakiongeza usimbaji wa siri katikati, zinakuwa nyingi zaidi. Mtandao wenye njia pana huko ndani unampa mteja 1500 kamili; asiye nayo anapunguza. Ndiyo maana nimepima kisanduku kikanipa 1428, kingine 1430, kingine 1500. Hata 3GPP, wanaoandika kanuni za mitandao ya simu, wametaja 1358 kama kipimo ambacho ukikifuata pakiti hazitakatwakatwa huko ndani.

Na kuna mitandao ambayo ndani ni IPv6 tupu. Pakiti ya mteja ya IPv4, toleo la zamani, inavuliwa kichwa chake cha 20 na kuvishwa cha 40. Baiti 20 nyingine zimekwenda.

Kisanduku kinajuaje haya yote? Kinapojiunga, mtandao una namna ya kukiambia: kipimo chako ni hiki. Kisanduku kizuri kinasikia, kinakitumia, kinakipitisha kwa kompyuta za ndani. Kisanduku kibovu kinasikia, kinaitikia, kisha kinaendelea kuamini 1500. Na hicho kibovu ndicho cha bei nafuu, na ndicho mteja amenunua.

Nilikutana nacho Ifakara, tawi la SACCOS moja. Wana kisanduku cha 4G, na handaki la VPN, yaani njia ya siri ndani ya intaneti, la programu ya WireGuard, kwenda makao makuu. Ukurasa wa kuingilia unaonekana. Unaandika nywila, inakubali. Ukibonyeza orodha ya wanachama, kimya. Karani akaniambia ukitafuta mwanachama mmoja mmoja anatokea, ukitaka wote hawatokei. Wamelaumu programu miezi miwili, mtengenezaji wa programu ameitwa, amelala gesti siku tatu, amerudi kwao hajaona kosa.

Mimi nilishajifunza kwa mama. Sikupanda paa. Nilizima handaki, nikapima njia tupu kwenda kwenye seva yetu wenyewe. 1472, kimya. 1450, kimya. 1400, ikapita. 1401, kimya. Mnaona tofauti na Mikumi? Mikumi ruta ilijibu "kubwa mno". Ifakara hakuna aliyejibu. Kisanduku kilikuwa kinapokea pakiti ya 1500 kwa tabasamu na kuitupa kwenye njia ya 1428. Kukataliwa ni msaada, ndugu zangu, unajua pa kuanzia. Kimya ndicho kinachomaliza nauli ya fundi.

Hesabu basi. WireGuard ukiiacha ilivyo inaweka 1420 ndani ya handaki, na yenyewe inakula 60 ikisafiri juu ya IPv4. 1420 na 60 ni 1480. Njia ni 1428. Itapita wapi? 1428 toa 60 ni 1368. Ikisafiri juu ya IPv6 inakula 80, kwa hiyo 1348. Niliweka 1340, pande zote mbili, nibakize akiba. Orodha ya wanachama ikashuka yote, karani akapiga kelele mpaka meneja akatoka ofisini. Mkipunguza mwishoni mwa mahesabu haya msishuke chini ya 1280 kama ndani kuna IPv6. Hicho ndicho kiwango cha chini kabisa inachokubali.

Angalizo mbili za kupima, maana nimeona watu wakidanganywa. Ping ya 1400 inarudi na 1400, kwa hiyo mkiona kimya hamjui kama mzigo umekwama ukienda au ukirudi. Pimeni kutoka pande zote mbili mkiweza. Na msipimie kwenye seva msiyoijua tabia. Zipo zinazokataa ping kubwa hata njia ikiwa pana kama barabara ya mwendokasi.

Na msijidanganye kwamba tatizo ni la kushusha data tu. Zamani kivinjari kilikuwa kinafungua mazungumzo ya siri kwa pakiti moja ndogo. Mwaka 2024 Chrome ilianza kuweka humo ufunguo mpya wa kujikinga na kompyuta za kwanta, na ufunguo huo peke yake unazidi baiti 1000. Salamu ya kwanza sasa haitoshi kwenye pakiti moja, kwa hiyo pakiti ya kwanza kabisa inapanda imejaa. Kisanduku cha aina ile ya Ifakara, kisichosahihisha MSS, zamani kilimwacha mteja afungue tovuti akwame kwenye kupakia picha. Sasa anakwama mlangoni.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nina kimoja kifupi, cha radi.

Radi ilipiga mnara wetu mmoja, ikaondoka na swichi. Fundi wa zamu, mchapakazi kabisa, akachukua swichi ya dukani akaifunga usiku huohuo, asubuhi wateja wote wapo hewani. Tukampongeza. Mchana simu zikaanza: upo lakini haupo. Wote wa mnara ule! Tulikagua MSS, sawa. ICMP, sawa. PPPoE, 1492, sawa. Ruta ya mteja ikiulizwa inasema 1492 inapita, na haipiti.

Kumbe tulikuwa tunabeba lebo mbili za VLAN, alama za kutenganisha mitandao kwenye waya mmoja, moja ya mnara na moja ya mteja, baiti 4 kila moja. Fremu ni pakiti ikiwa ndani ya bahasha yake ya Etherneti, na ya kawaida iliyojaa ni 1518. Ongeza lebo moja, 1522. Ongeza ya pili, 1526. Swichi mpya ilikuwa inaishia 1522. Ilitupa kila fremu iliyojaa kwa sababu ya baiti nne, na haikumtuma mjumbe yeyote, kwa sababu swichi haina mjumbe. ICMP ni lugha ya ruta. Swichi ni bubu, inatupa na kunyamaza. Hapo hata kusahihisha MSS kwa kipimo cha 1492 hakukusaidii, maana hesabu ya ruta ni sahihi na geti limejificha chini yake. Mkinunua swichi ya mnarani, msiulize bei na idadi ya matundu tu. Ulizeni inabeba fremu ya ukubwa gani. Muuzaji akisema "inabeba zote", pimeni kabla hamjapanda nayo.

Nimemaliza. Kuna swali? Dada pale mbele.

Ameuliza, kwa wasiosikia huko nyuma: kwa nini tusiweke 1400 kwa wateja wote, tukaacha mahesabu haya, tukaenda nyumbani?

Dada, nitakujibu kwa ukweli: siku nyingine mimi hufanya hivyo. Gharama yake ni ndogo kuliko watu wanavyotisha. Faili la megabaiti 10 kwa 1500 ni pakiti 6,850. Kwa 1400 ni pakiti 7,353. Umeongeza kama asilimia 7 ya idadi ya pakiti, na kwenye uzito wa vichwa hutaona kitu. Antena dhaifu yenye wateja wengi italalamika kidogo kwa idadi ile. Ila kuna mambo mawili. Kwanza, ukisahihisha MSS umewasaidia wa TCP peke yao. Simu za sauti, michezo, VPN za UDP, hao hawasomi MSS. QUIC, njia mpya ya tovuti juu ya UDP, kidogo inajitunza: inaanza na pakiti za baiti 1200 na kupima yenyewe ikitaka kupanda. VPN ya SACCOS haijitunzi. Pili, ukiweka 1400 kila mahali bila kupima, siku njia ikishuka mpaka 1358 hutajua, kwa sababu hukuwahi kujua ilikuwa ngapi.

Kwa hiyo mimi nafanya hivi. Nikifunga kwa mteja, kabla sijashusha ngazi, napima, naandika namba kwa kalamu ya maka kwenye tumbo la ruta, pamoja na tarehe. Kwa yule mama wa Mikumi imeandikwa 1492. Mwezi uliopita alinipigia, mpwa amekuja tena na ruta nyingine. Nikamwambia asome kilichoandikwa kwenye tumbo la ile ya zamani. Akanisomea. Nikamwelekeza pa kutia tiki, nikiwa kwenye daladala.